Namna ya kumiliki BMW X5 ya turbo Dar es Salaam bila kuuza kiwanja

Mwaka juzi kijana mmoja alikaa kwenye benchi la gereji yangu, Tabata, akatoa bahasha mfukoni akaniambia: "Fundi, nimeuza kiwanja cha Chanika. Nifungie injini nyingine."

X5 yake ilikuwa imeegeshwa pale mbele wiki tatu. Hedi, yaani kichwa cha injini, imepinda, maji yamechanganyika na oili hadi ukifungua mfuniko wa oili unakuta kitu kama uji wa maziwa. Chanzo kilikuwa pampu ya maji ya bei rahisi aliyouziwa dukani kama orijino. Ilikufa baada ya miezi miwili, akiwa Ubungo. Akaona Kimara si mbali, akaendelea kuendesha taa nyekundu ikiwaka ili afike nyumbani. Nilimfungia injini ya mtumba, ikamtoka milioni 11 pamoja na ufundi. Fedha ile iliniuma hata mimi niliyeipokea, maana najua mshahara wake na najua kiwanja kile alikilipia kwa miaka mingapi.

Tangu siku hiyo, kila anayeniuliza kuhusu X5 ya turbo namweleza mambo haya haya. Nayaandika hapa kwa anayetaka kununua na kwa ambaye tayari ufunguo uko mfukoni.

Gari hili si bovu. Nimefungua injini zenye kilomita laki mbili nikakuta kuta za silinda bado zinang'aa. Kinachokufa ni plastiki na mipira. Injini imezungukwa na vifuniko, hozi, viungio na gasketi vinavyokaangwa na joto la turbo kila siku, na hapa kwetu joto hilo linakutana na jua la Februari na foleni ya Barabara ya Mandela. Plastiki ya miaka 12 ukiigusa inakatika mkononi kama biskuti. Anayesubiri kitu kiharibike ndipo atengeneze, kwenye gari hili analipia vitu viwili: kilichoharibika, na kilichoharibiwa nacho.

Jua unanunua injini ipi

Umbo ninaloliona zaidi gerejini ni E70, lililotengenezwa kuanzia 2006 hadi 2013 katika kiwanda cha Spartanburg, South Carolina. Wateja huwa hawaamini kwamba Mjerumani wao kazaliwa Marekani. Za mwanzo za petroli zenye silinda sita hazikuwa na turbo. Mwaka 2010, gari lilipofanyiwa marekebisho, ndipo ikaja xDrive35i yenye injini ya N55: cc 2979, silinda sita za mstari, turbo moja, nguvu farasi 306. Hiyo ndiyo nitakayoizungumzia, na hiyo ndiyo ninayoweza kukushauri uinunue ukiwa na akili timamu na akiba.

Ipo pia xDrive50i, V8 ya cc 4395, injini ya N63, yenye turbo mbili zilizokaa katikati ya V, juu kabisa, mahali ambapo joto halina pa kutokea. Sili za valvu zinakauka, injini inakula oili, hozi zinakatika. Mwaka 2014 BMW wenyewe walianzisha Marekani mpango maalumu wa kuwahudumia wenye injini hizo. Wewe na mimi hatuna mpango wa namna hiyo hapa. Iache, hata kama bei yake imeshuka ikafanana na ya 35i. Imeshuka kwa sababu.

Usiamini herufi za nyuma ya gari, maana hubandikwa na kubanduliwa. Soma namba ya chesisi chini ya kioo cha mbele, chukua tarakimu na herufi saba za mwisho. Hizo saba zinatosha kujua gari lilitoka kiwandani lini, na injini gani, na vikorokoro gani. Zihifadhi kwenye simu, kwa sababu muuza spea makini hakuuzii hata gasketi kabla hajaziuliza. Asiyeziuliza anakisia, na atakayelipia makosa yake ni wewe.

Ndugu zetu wa Kenya hawawezi tena kuagiza E70, kwa kuwa sheria yao hairuhusu gari lenye zaidi ya miaka 8. Wanauziana zilizokwisha ingia. Kwetu mlango uko wazi lakini una gharama: gari lililozidi miaka 10 linaongezwa asilimia 30 kwa sababu ya umri, juu ya ushuru wa forodha wa 25, ushuru wa bidhaa wa 10 kwa injini inayozidi cc 2000, na VAT ya 18. Na hesabu hiyo inafanywa juu ya thamani wanayoitambua TRA, si lazima ile uliyolipa Japani. Kikokotoo chao kiko mtandaoni. Kifungue kabla hujatuma hata senti ya kuagiza.

Kukagua: nenda injini ikiwa baridi

Mpigie muuzaji usiku: "Usiliwashe mpaka nifike." Asubuhi, kabla ya salamu ndefu, weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, rudi siku nyingine. Injini iliyopashwa moto mapema huficha moshi, huficha kumisi, yaani silinda kushindwa kuwaka, huficha mlio wa sekunde tano za kwanza ambao ndio unaoeleza habari za mnyororo na za oili.

Likiwa baridi, fungua mfuniko wa tangi la kulanti, maji maalumu ya kupoza injini. Unatakiwa kuona kimiminika cha bluu au kijani safi. Ukikuta maji matupu, au rangi ya kutu, muuzaji amekuwa akiongeza maji ya bomba, na mtu haongezi maji mara kwa mara bila kuvuja. Kisha toa mfuniko wa plastiki unaoziba injini, uwashe tochi ya simu. Tazama mbele, pale kikombe cha filta ya oili kilipokaa, na ushuke na mwanga hadi kwenye mkanda. Pawe pakavu. Vumbi kavu ni habari njema. Vumbi lililoganda na oili ni gharama, na injini iliyooshwa ikang'aa kama sahani ya sherehe inanitia wasiwasi kuliko iliyochafuka.

Washa. Acha iungurume dakika mbili, halafu jaribu kufungua mfuniko wa oili injini ikiwa inafanya kazi. Ukiona unavutwa chini kwa nguvu na injini inataka kuzima, utando wa mpira ulio ndani ya tapeti kava, ule mfuniko wa juu ya valvu, umepasuka. Endesha barabarani, kata kona kali polepole kwenye uwanja mtupu usukani ukiwa umefika mwisho. Gari likirukaruka kama linakwama, kumbuka, nitalieleza mbele.

Mwisho, lipimwe na mashine yenye programu ya ISTA, ile ya BMW wenyewe. Vile vikompyuta vidogo vya kuchomeka vinasoma injini kidogo tu na haviingii giaboksi wala mifumo mingine. Fundi akisoma, mwombe kilomita zilizoandikwa kwenye vifaa mbalimbali vya gari. Dashibodi ikisema 88,000 na kifaa kingine kikasema 161,000, umeshapata jibu bila kugombana na mtu.

Maji: hapa ndipo magari yanapofia

Toyota yako ya zamani ilikuwa na pampu ya maji inayozungushwa na mkanda. Ikichoka inavuja, inalia, inakupa wiki kadhaa. Ya N55 ni ya umeme. Imefungwa chini, haina mkanda, na kompyuta ndiyo inayoamua izunguke kwa kasi gani. Mara nyingi hufa ghafla, leo nzima, kesho imenyamaza. Kwa uzoefu wa mafundi wengi, umri wake ni kati ya kilomita 100,000 na 150,000. Gari likija kwangu na kilomita laki moja na ishirini, halina risiti ya pampu, mimi nahesabu pampu imeshakufa, namwambia mwenye gari hivyo hivyo.

Ibadilishe kabla. Badilisha pamoja na themostati, valvu inayoongoza joto la maji, kwa sababu ziko jirani na ufundi ni ule ule. Boliti zake ni za alumini, hazirudiwi. Fundi akizirudisha za zamani zitakatika ndani, na hapo unaanza shughuli nyingine. Pampu nzuri utaikuta kwa jina la Pierburg au VDO, lakini jina juu ya boksi halitoshi. Nunua kwa mtu anayekuandikia risiti yenye namba ya spea na anayekubali kuirudisha ikisumbua. Kijana wa Chanika hakuwa na risiti.

Wakati huo huo tazama tangi la kulanti, hozi za juu, na kile kiungio cha plastiki kinachoingia kwenye hedi. Vyote hivyo ni plastiki, na vyote vina umri mmoja na gari. Mimi huvibadilisha kwa pamoja. Mteja anayeniambia "fundi, hozi hii bado nzima" namwonyesha: naibonyeza kwa kidole gumba kwenye kiungio, na kipande kinabaki mkononi mwangu.

Siku ya kufunga pampu, kaa uangalie jambo moja: kutoa hewa. Betri inaunganishwa na chaja. Swichi inawekwa bila kuwasha injini. Hita inawekwa joto la mwisho, feni ya ndani inawekwa chini kabisa. Pedali ya mafuta inakanyagwa mpaka sakafuni kwa sekunde kama kumi. Hapo pampu inaanza kuzunguka yenyewe. Utaisikia kwa chini, mvumo unaopanda na kushuka, na ukichungulia kwenye tangi utaona kulanti ikichezacheza na mapovu yakipanda moja moja. Baada ya dakika kama 12 inajizima. Unaongeza kulanti, ukiona bado kuna mapovu unarudia. Fundi anayejaza, akafunga mfuniko, akawasha injini na kukupa ufunguo, ameacha hewa ndani, na hewa ile ikikaa kwenye hedi itaunguza kitu hata kama pampu ni mpya.

Kulanti yenyewe iwe ile inayokubaliwa na BMW, nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Maji ya kisima ya hapa Dar yana chumvi, na alumini haipatani na chumvi.

Sasa, taa. Ikiwaka ya njano ya joto, zima AC na utafute pa kusimama salama. Ikiwa nyekundu, zima injini hapo hapo. Hata kama uko juu ya daraja la Kijazi, hata kama watu wanapiga honi, hata kama umebakiza mita mia tano ufike. Injini hii ni ya alumini, ikichemka hedi inapinda na meno ya boliti za hedi yanang'oka kwenye bloku. Kulibeba kwa breki dauni kutoka Ubungo hadi Tabata ni laki moja, ukibanwa sana laki na nusu. Usifungue mfuniko wa tangi injini ikiwa ya moto. Nina kovu la mkono wa kulia kutokana na mfuniko wa namna hiyo, nilipokuwa najifunza kazi.

Oili inayovuja na inakoelekea

Uvujaji uko wa aina tatu na uzito wake haulingani.

Wa kwanza, gasketi ya kikombe cha filta ya oili. Gasketi yenyewe unainunua kwa fedha ya petroli lita kumi. Ikikauka, oili inashuka taratibu na kuangukia mkanda. Mkanda uliolowa unateleza, unachanika nyuzi, na zile nyuzi zinasokotwa na puli ya kranki hadi zinapenya oili sili na kuingia ndani ya injini. Kuna gari mwenye nalo aliambiwa mara mbili akasema atafanya mwisho wa mwezi. Nilipofungua sampu yake, bakuli la oili chini ya injini, nilivuta kwa koleo nyuzi nyeusi ndefu kama mkono wa mtoto, nyingine imejiviringisha kwenye chujio la pampu ya oili. Huu usiuahirishe hata wiki.

Wa pili, tapeti kava. Ni ya plastiki, inapinda kwa joto, na oili inaangukia upande wa ekzosi. Dalili yake utaipata ukiwa umesimama kwenye mataa: harufu ya oili inayoungua inaingia kupitia AC. Ukiifungua, badilisha kava nzima, si gasketi peke yake, kwa sababu ule utando wa kupumulia niliousema umo humo ndani na haudumu. Fundi akikuambia atapaka silikoni, mshukuru, ondoka.

Wa tatu, gasketi ya sampu. Kuibadilisha inabidi ushushe fremu ya mbele, na difu ya mbele imefungwa kwenye sampu hiyo hiyo, kwa hiyo ni kazi ya siku mbili za watu wawili. Ikitoa tone moja usiku, mimi sikulazimishi. Weka kipande cha boksi chini, tazama kila wiki, kadiria. Ikifika doa la ukubwa wa sahani, njoo.

Na kumbuka injini hii haina kijiti cha kupimia oili. Unapima kupitia skrini, injini ikiwa ya moto na gari likiwa sehemu tambarare. Fanya hivyo kila Jumamosi. Kama ni wewe unayefua nguo kila Jumamosi, fanya kabla hujachota maji.

Turbo isiyokuwa na kosa

Mwaka jana alikuja dada mmoja, mwuguzi, gari halivuti. Ukikanyaga mafuta linaenda kama limebeba mchanga. Gereji aliyotoka ilikuwa imeshamwandikia bei ya turbo: milioni nne na nusu. Nilisoma msimbo 30FF, maana yake presha ya turbo ni ndogo. Msimbo huo hausemi turbo imekufa. Unasema upepo haufiki, na upepo unaweza kupotelea popote njiani.

Nilichomeka mashine ya moshi kwenye vihozi vya upepo, nikazima feni ya banda. Tukasubiri. Baada ya kama nusu dakika, uzi mwembamba wa moshi ukachomoza nyuma ya injini, kwenye kihozi cha mpira chembamba kuliko mrija wa soda, kile kinachoongoza lango la kupunguzia presha ya turbo. Kilikuwa na mpasuko usioonekana mpaka ukikunje.

"Kwa hiyo turbo yangu ni nzima, fundi?"

"Nzima kabisa, dada."

Alikaa kwenye ndoo ya oili tupu, akafunika uso kwa mtandio. Vihozi vyote vya upepo nilivibadilisha kwa shilingi elfu sabini, ufundi ukiwemo.

Kwa hiyo ukiambiwa turbo, dai ufuatwe mpangilio huu: moshi kwanza, kutazama hozi ndogo, kisha bomba la plastiki linalopeleka upepo kwenye injini, kisha klipu za intakula, kile kipoza upepo wa turbo, kisha mkono wa lile lango, ambao ukilegea unatoa mlio kama sarafu kwenye kopo. Turbo yenyewe ije mwisho, baada ya kuona kwa macho yako mhimili wake unacheza au unatoa oili.

Ukitaka turbo idumu, oili ndiyo dawa. Lita 6.5 za 5W-30 iliyoandikwa LL-01, alama ya oili iliyokubaliwa na BMW. Kompyuta ya gari itakuruhusu upitishe kilomita elfu ishirini na zaidi kabla ya kumwaga. Hesabu hiyo haikupigwa ikiwa gari linatembea saa mbili kutoka Posta hadi Mbezi. Mimi namwaga kila kilomita 7,000. Ukitoka safari ndefu ya Morogoro, usizime gari mara tu unapofika. Liache liungurume dakika moja mbili. Na ukizima ukasikia feni au pampu inaendelea, usiogope, inaipoza turbo.

Giaboksi, transfa, na tairi zisizofanana

Giaboksi ya 35i ni ya ZF, gia nane, na ni giaboksi nzuri sana. Utaambiwa haidroliki yake, yaani oili ya giaboksi, ni ya maisha, haibadilishwi. ZF wenyewe waliotengeneza giaboksi wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au miaka 8. Mimi nawafuata waliotengeneza. Filta yake imeshikana na sampu ya plastiki, kwa hiyo inabadilishwa sampu nzima. Kipimo cha haidroliki kinasomwa injini ikiunguruma na haidroliki ikiwa kati ya nyuzi 30 na 50. Fundi asiyekuwa na mashine ya kusoma joto hilo asiguse.

Lile kurukaruka kwenye kona linatoka kwenye transfa, inayogawa nguvu mbele na nyuma. Mara nyingi ni oili yake imechoka, na ni kama lita moja tu. Wakati mwingine ni kigia cha plastiki ndani ya mota yake ndogo, ambacho kinauzwa peke yake. Usikubali kuuziwa transfa nzima kabla mota haijafunguliwa. Na mara nyingine, ndugu yangu, ni tairi. Mtu anapasuliwa tairi moja, anaweka moja mpya yenye kashata ndefu, tatu zilizobaki zinakaribia kipara. Mzunguko haulingani, transfa inapigana na tairi hizo kutwa nzima. Gari hili linataka tairi nne zinazofanana. Ndiyo maana naangalia sana rimu kabla ya kumshauri mtu: 255/50 R19 ziko sawa mbele na nyuma na zinapatikana, ila zile za inchi 20 ni 275/40 mbele na 315/35 nyuma, hutaweza kuhamisha mbele na nyuma, na bei ya zile za nyuma itakushtua.

Masika inapoingia

Betri na baadhi ya kompyuta za X5 ziko chini ya sakafu ya buti. Kioo kikubwa cha paa kina mirija ya kutolea maji kwenye pembe zake, na mirija hiyo ikizibwa na majani ya mwarobaini na vumbi, maji yanatafuta njia ndani ya gari hadi kwenye buti. Februari, kabla ya masika, fungua paa, mimina maji nusu kikombe kwenye kila pembe, utazame chini kama yanatoka. Inua zulia la buti uguse kwa mkono. Ukikuta unyevu usisubiri. Ukibadilisha betri, iwe ya AGM, na lazima isajiliwe kwenye kompyuta ya gari. Isiposajiliwa gari linaichaji kama ile betri ya zamani iliyotoka.

Mengine nayapita upesi. Bushi za mbele zitaisha mapema kwa barabara zetu. Usukani ukitetemeka ukifunga breki, anzia hapo kabla ya kununua diski. Gari likilala nyuma usiku kucha, mpira wa upepo unavuja. Ubadilishe upesi, la sivyo kompresa itafanya kazi mpaka iungue. Plagi kila kilomita 70,000, za aina moja zote sita. Likimisi silinda moja, hamisha koili kwanza uone kama kosa linahama nayo.

Hesabu kwa shilingi

Tuseme unatembea kilomita 1,200 kwa mwezi, mjini. Kwenye foleni gari hili linakupa kilomita 6 kwa lita. Hizo ni lita 200. Ukichukua shilingi 3,000 kwa lita kwa wepesi wa hesabu, ni laki sita kwa mwezi. Bei halisi iangalie Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wanapotangaza. Bima kubwa ni asilimia 3.5 ya thamani, ongeza VAT: kwa gari la milioni 40 inakuja 1,652,000 kwa mwaka. Kumwaga oili mara mbili kwa mwaka.

Juu ya hapo, mwaka wa kwanza kuna kile ninachokiita kulipa deni la mwenye gari wa zamani: pampu, themostati, tangi, hozi, gasketi ya filta, tapeti kava, plagi, haidroliki ya giaboksi, oili ya transfa. Kwa spea nzuri na ufundi wa haki, kwangu inafika kati ya milioni tano na sita. Kwa hiyo mwenye milioni 40 mkononi namwambia atafute gari la milioni 33, si la 40. Anayenunua la 40 akabaki na nauli ya bodaboda, hilo gari litamlaza njiani kabla ya Idi.

Baada ya mwaka huo, tenga laki tatu kila mwezi kwenye akaunti ambayo haina kadi. Kuna miezi kumi hutaigusa. Mwezi wa kumi na moja utaigusa yote. Na risiti zote ziweke kwenye faili moja ndani ya gari, na kilomita zimeandikwa kwa kalamu juu ya kila risiti, kwa sababu hata fundi mzuri hakumbuki mwaka juzi alifunga nini.

Yule kijana wa Chanika ana faili kama hilo, la plastiki ya kijani. Jumamosi iliyopita alikuja saa mbili asubuhi na boksi mkononi: tangi jipya la kulanti na hozi mbili. Nikamuuliza, la zamani limevuja? Akasema, "Halijavuja, fundi, ila lina miaka 13." Nikalifunga. Ilipofika kutoa hewa, aliweka swichi mwenyewe, akakanyaga pedali, akashuka na kuinama juu ya tangi, simu mkononi ikihesabu dakika.